Kabla Upost Zile Cheche, Nionyeshe Kinga

Kuna klipu moja inazunguka kila wiki, sura ya msee ndiyo hubadilika tu. Kijana yuko na vesti na kandambili, ameshika grainda kwa mkono mmoja, jua linazama nyuma yake na cheche zinaruka kama fataki za mwaka mpya. Ngoma inaingia. Kwa komenti watu wanaandika "hasla" na kuweka moto. Mimi nikiiona, macho yangu hayaendi kwa cheche. Natafuta kinga.

Kinga ni ile nusu duara ya chuma inayofunika diski upande wako. Grainda mpya huja nayo kwa boksi. Sasa tembea Kamukunji ama Kariobangi Light Industries uhesabu ni ngapi bado ziko nayo. Nilipoacha chuo nilifanya kazi kwa shedi moja huko, na kinga zetu zilikaa kwa debe pamoja na misumari iliyopinda.

Watu wa mtandao hudhani fundi anaitoa kwa sababu hajui. Anajua kuliko wewe. Anaitoa kwa sababu ya hesabu ya pesa. Grainda ndogo, ile ya inchi 4 na nusu, ikiwa na kinga haikubali diski kubwa. Diski kubwa inakata ndani zaidi na inachukua muda kuisha, na grainda kubwa si bei ya mchezo. Kwa hivyo kinga inatoka, diski ya inchi 9 inaingia kwa mashine ndogo, kazi inasonga.

Lakini kuna hesabu ingine, na hiyo imeandikwa kwa diski yenyewe. Grainda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski yake ya inchi 4 na nusu kwa kawaida imeandikwa mwisho 13,300, kwa hivyo hapo uko sawa. Ya inchi 9 imeandikwa 6,600. Shida ni kwamba tundu la katikati ni saizi moja kwa zote mbili, milimita 22.23, ndio maana inaingia vizuri na inafungwa na spana ileile. Hakuna kitu cha kukuzuia. Diski hizo zimetengenezwa ukingo wake usipite mita 80 kwa sekunde, yaani kilomita 288 kwa saa. Ukiweka ile kubwa kwa mashine ndogo, ikizunguka bure ukingo unapita kilomita 470 kwa saa. Matatu ikipita 80 tunapiga kelele. Diski ikipasuka kwa hiyo kasi, kile kipande cha chuma kilicho kwa debe ndicho kilifaa kuwa kati yake na shingo yako.

Kitu kingine hakionekani kwa video: diski ya kukata si ya kusaga. Ya kukata ni nyembamba, milimita 1 hadi 3, nguvu yake iko kwa ukingo. Ukiilaza ubavu ili usawazishe weldi inapinda, inashika ufa, na siku moja inaachana nawe. Ya kusaga ni nene, kama milimita 6, na unaiinamisha nyuzi 20 hadi 30 hivi, bila kukandamiza. Ukitaka kulainisha kabla ya rangi, chukua ile ya msasa yenye vipande vimepangwa kama magamba ya samaki, uilaze zaidi na usisimame mahali pamoja, la sivyo utachimba shimo na chuma kigeuke bluu. (Zile za meno ya msumeno, za kukatia mbao, sitaki hata tuanze hiyo stori.)

Na mikono ni miwili. Ule mkono wa pembeni uko hapo kwa sababu chuma kikilegea, mkato hujifunga, unabana diski, na grainda inarudi kwako na hasira zake zote. Chomoa plagi kabla ubadilishe diski. Diski mpya, izungushe tupu kama dakika moja ukiwa umesimama kando. Kamba za hudi ziingie ndani ya nguo.

Sasa macho. Kila shedi iko na "daktari": fundi mwenye mkono mtulivu, na sindano ama njiti ya kiberiti. Kijana mdogo wetu pale aliingiwa na chembe siku ya Alhamisi. Daktari wa shedi akaitoa, wote tukajua imetoka. Jumamosi jicho lilikuwa jekundu kama nyanya, ndipo akaenda hospitali. Kumbe chembe ya chuma ikikaa kwa jicho inashika kutu, na kutu inaacha duara lake hapo hata kama chembe yenyewe imetolewa. Walimkwangua. Jicho linaona, lakini aliniambia, "Bro, usiku taa za gari zinanionyesha mbili mbili." Alitaka kuwa dereva. Miwani ya plastiki inayofunika pembeni haifiki mia tano, na ukisaga unaongeza ngao ya uso juu yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mwajiri ndiye anafaa kutoa kinga ya macho kwa kazi za aina hii. Pale kwetu hakuna aliyewahi kuitaja.

Mwezi uliopita mwenye shedi moja ya mageti aliniita nimpigie tangazo. Akamwambia fundi atoe kinga. Kwangu akasema, "Boss, hiyo kitu inaficha cheche." Nilimwambia haifichi, inazielekeza mbali na mtu, na nikamwambia sipigi ikiwa imetolewa. Tukakaa kimya hivi, mimi nikifikiria kodi. Mwishowe akasema haya, nijaribu.

Kwa wenzangu wa kamera: ngoja jioni, simama ubavuni, mbali na njia ya cheche, kisha punguza kasi ya shata hadi 1/30. Kila cheche inakuwa mstari mrefu wa dhahabu. Fundi alikuwa na miwani, ngao, mikono miwili na kinga, na ile klipu ndiyo imetazamwa zaidi kwa zote za shedi yake.

Alinilipa yote. Wiki iliyofuata nilipita hapo na boda, nikaangalia. Ngao ilikuwa usoni. Kinga ilikuwa imetolewa tena.