Kaya ya Watu Sita

Agosti 1988 nilikuwa karani wa sensa Ngamiani, Tanga. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, begi la turubai, penseli mbili, kifutio, na kiburi cha kijana aliyetoka chuo cha ualimu mwaka uleule. Mchana nilipiga hodi mlango kwa mlango. Jioni nilikaa barazani kwa muuza kahawa, nikawaeleza wazee habari za idadi ya watu kana kwamba nchi nzima nimeihesabu peke yangu.

Ni pale barazani, jioni moja baada ya magharibi, nilipothibitisha kwa hesabu kwamba mashoga watawamaliza binadamu.

Hesabu yenyewe niliifanya nyuma ya paketi ya sigara. Chukueni watu mia, nikasema. Kumi wasizae. Waliobaki wazae, na katika kila mia ya watoto wao kumi nao wasizae, twende hivyo hivyo. Nikapunguza, nikapunguza tena, mpaka nikafika kizazi chenye mtu mmoja na nusu. Sikumbuki niliwapa wale tisini watoto wangapi wangapi, ila lazima niliwabania sana, maana hesabu ya haki isingekwisha vile. Mama yangu mwenyewe alizaa tisa. Wazee wakaguna. Mmoja akasema, kusoma si mchezo.

Kilichostahili kuchekwa, na hakuna aliyekicheka, ni kwamba mwanzoni mwa wiki ileile tulikuwa tumelia kinyume chake: watu wamezidi, vyumba vya kupanga havipatikani, mchele haufiki dukani. Chuoni nilifundishwa habari za Malthus, padri Mwingereza aliyeandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula chao. Jumatatu nilimtumia Malthus kuwatisha wazee kwa wingi. Alhamisi nikawatisha kwa uchache. Hakuna aliyeniuliza nashika lipi.

Aliyeniuliza kitu alikuwa Mjomba. Simtaji jina, watoto wa mtaa mzima walimwita hivyo na inatosha. Alikuwa amekuja na sinia la kashata kama kawaida yake, akasimama pembeni hadi nilipofika kwenye mtu mmoja na nusu.

"Mwalimu," akasema, "kwangu umeandika watu wangapi?"

"Sita, Mjomba."

"Haya." Akanipa kashata, hakutaka pesa, akaenda zake. Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikidhani anayechekwa ni yeye.

Nyumbani kwake nilikuwa nimepita siku mbili kabla. Mkuu wa kaya: mwanamume. Hali ya ndoa: hajaoa. Halafu wakafuata watoto watano, watoto wa marehemu dada yake, mkubwa darasa la saba na mdogo bado ananyonya kidole. Niliwaandika mmoja mmoja kwa penseli, nikapiga mstari chini, nikajumlisha. Kwa hiyo nilijua. Nilikaa barazani na paketi ya sigara mkononi huku najua.

Mjomba alipika pilau ya harusi, alipamba bibi harusi, alijua kuimba na kujibu katika ngoma za wanawake, na huko ndani kwao alikaa bila mtu kujifunika. Kila mtu alijua ni mtu wa namna gani. Sitaki kuwapamba watu wa zamani, maana tulikuwa na yetu. Vijana tulimwigiza mwendo. Kuna aliyewahi kurushiwa mawe usiku akaamka asubuhi na jicho limevimba, na hatukuuliza ni nani aliyerusha. Lakini palikuwa na kitu tulichokiita sitara. Mambo ya mtu ya ndani yalibaki ndani, na nje mtu alipewa salamu yake. Sheikh wa msikiti wetu alikuwa na hukumu yake juu ya jambo hilo, wala hakuificha kwenye darasa zake, na yeye huyo alimtuma mkewe kwenda kumwomba Mjomba asimamie chakula cha harusi ya binti yao.

Neno lenyewe nalo lilikuwa na nyumba mbili. Bibi yangu alikuwa na shoga yake wa tangu unyago, wakiitana "shoga" kutwa, wakipelekeana bakuli la mchuzi juu ya kiambaza. Mwanamke mwema alikuwa shoga mwema. Wanawake walipomwita Mjomba "shoga yetu" walikuwa wanasema maana zote mbili kwa pamoja, na hakuna aliyeona haja ya kuzitenganisha. Siku hizi nasikia mabinti wanaitana "shosti". Wamelihama neno la bibi zao kama watu wanavyoihama nyumba iliyofiwa.

Mabishano barazani hayakwisha na hesabu yangu. Yalihamia swali la nani aliyeleta. Baharia mstaafu alisema ni Waarabu, kwani ameyaona Muscat. Mwingine, aliyewahi kuwa boi kwenye mashamba ya mkonge, akaapa kwamba ni Wazungu. Mimi msomi nikaunga mkono Wazungu, kwa kuwa mwaka huo kila kibaya kilikuwa cha Wazungu na sikutaka kuonekana nimebaki nyuma.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba mwaka 1899 jarida moja la Berlin lilichapisha maelezo mafupi kuhusu watu wa namna hiyo Unguja, na yakataja maneno ya Kiswahili waliyoitwa, mojawapo "mke-si-mume". Lugha haitengenezi jina la kitu ambacho haijakiona. Na yule Abunuwasi tuliyemsoma shuleni, mjanja wa hekaya, ametokana na mshairi wa kweli wa Baghdad, Abu Nuwas, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya tisa, ambaye alitunga mashairi ya mvinyo na ya kuwapenda vijana wa kiume. Darasani tulimcheka akimlaghai sultani. Sehemu hiyo nyingine walimu wetu hawakuifikia, na nilipokuwa mwalimu nami sikuifikia.

Kwa Wazungu niliwapatia kidogo, ila si pale nilipodhani. "Kinyume na maumbile", maneno ambayo kila mtu huyasema kana kwamba yamechimbwa na babu zake, katika sheria ni maneno ya mwanasheria Mwingereza. Waingereza waliyaweka katika sheria ya jinai ya India mwaka 1860, kifungu cha 377, kisha yakasafiri nao kwingi walikotia nanga, na kwetu yakaingia katika Kanuni za Adhabu, kifungu cha 154. Hukumu ya dini ilikuwapo karne nyingi kabla ya meli zao, hilo halina ubishi. Lakini jela na miaka yake vilikuja na bendera ile. Kwao, England na Wales, waliacha kuwafunga watu wazima kwa jambo la faragha mwaka 1967. Mahakama ya Juu ya India ilikivunja makali kifungu chake Septemba 2018. Sisi mwaka 1998 tuliongeza: kutoka miaka 14 hadi miaka isiyopungua thelathini, au maisha. Sikumbuki mtu yeyote barazani akiizungumza sheria ile ilipopita. Tulikuwa tunazungumza mafuriko ya El Niño.

Na ile kumi katika mia, niliitoa wapi? Niliiokota kwenye gazeti kuukuu la Kiingereza chuoni. Ilikuwa ya Alfred Kinsey, Mmarekani aliyetoa kitabu mwaka 1948. Kinsey hakusema kwamba kumi kati ya mia wako hivyo maisha yao yote. Kwa wanaume alisema ni kwa muda wa miaka isiyopungua mitatu. Wa maisha yote aliwapa nne katika mia. Tena watu wake hakuwapata kwa kura: aliwachukua hata magerezani. Wataalamu wawili waliotazama mwambao wetu na wa Oman katika miaka ya 1970 nao hawakukaribiana. Unni Wikan wa Norwei alikadiria mmoja katika wanaume hamsini mjini Sohar, na Gill Shepherd aliyekaa Mombasa akakisia kitu kama mmoja katika kumi. Uingereza, sensa ya 2021 ya England na Wales iliwauliza watu moja kwa moja kwa mara ya kwanza, wa miaka 16 na kuendelea, na waliojitaja walikuwa kama watatu katika mia.

Mimi niliyewahi kushika penseli ya sensa sizishangai tofauti hizi. Mlangoni mtu hamwambii karani ukweli. Humwambia kile ambacho hakitamletea matata. Nimewaandika wajane ambao waume zao walikuwa wamejificha uvunguni wakiogopa kodi. Nimeandika umri wa watu waliozaliwa "mwaka wa nzige". Ukitaka kujua ni wangapi katika mtaa ambako kukiri kuna kifungo cha miaka thelathini, utapata sifuri, na sifuri hiyo utaipeleka Dodoma imepigwa muhuri.

Hesabu ambayo haikujificha ni ile nyingine. Sensa niliyoifanya mimi ilitoa watu milioni 23.1. Sensa ya Agosti 2022 ilitoa milioni 61.7. Nimefundisha jiografia miaka mingi, nikaandika namba hizo ubaoni kila zilipobadilika, na kila mara nilikumbuka paketi ya sigara. Tulioogopa kwisha tumekaribia kujizidisha mara tatu.

Watoto kwa kila mama wamepungua, ndiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa zaidi ya sita. Mwaka 2022 walikaribia watano. Lakini waliowapunguza nawajua: ni wasichana niliowafundisha, waliofika kidato cha nne badala ya kuolewa darasa la saba, na zahanati yenye bango la Nyota ya Kijani, na kodi ya chumba, na ada. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyepika pilau ya harusi akiimba. Kongo ya Kinshasa haina kifungu kama chetu cha 154, na wanawake wake wanazaa wastani wa watoto sita hivi. Korea Kusini haijawahi kufungisha ndoa ya watu wa jinsia moja, na mwaka 2023 wastani wake ulishuka hadi 0.72, wa chini kabisa kati ya nchi zote. Ningekuwa na namba hizi barazani ningeng'ara. Au nisingesikilizwa, wazee walipenda ile ya mtu mmoja na nusu.

Kuna watafiti wamekwenda Samoa, visiwani Pasifiki, kwa wanaume wenye mwenendo wa kike waitwao fa'afafine, wakaona kwamba huwahudumia watoto wa ndugu zao zaidi kuliko wanavyofanya wajomba wengine. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Mkubwa wa wale watano wa Mjomba ni fundi umeme. Wa pili ana duka la vitenge. Yule wa kunyonya kidole ni muuguzi.

Mambo yalibadilika taratibu, kisha kwa ghafla. Baada ya muswada wa Uganda wa 2009 dhidi ya mashoga, redio zilikuwa hazina habari nyingine. Mahubiri yalikuwa hayo, simu za mkononi zilileta hayo. Watu walianza kumtazama Mjomba kama vile amehamia jana. Harusi zikapungua kwanza. Sheikh wetu alikuwa ameshafariki. Aliyempokea hakutuma mtu. Halafu jioni moja Mjomba alikuja na sinia lake, mvi kichwa kizima, na kijana mmoja aliyekuwa amekaa nafasi niliyokuwa nakaa mimi akamwambia, kwa sauti ya kutaka isikike, kwamba watu wa aina yake wasipodhibitiwa binadamu watakwisha, hata hesabu inaonyesha. Akaanza: chukueni watu mia.

Sijui aliipata kwangu, au kwa baba yake aliyekuwepo siku ile, au huizua kila mtu upya. Ilikuwa ni ile ile. Mjomba alinitazama. Hakuniuliza kitu safari hii. Nami nilikuwa na kikombe mkononi na nilikitazama kikombe.

Hakurudi tena barazani. Mpwa wake muuguzi alikuja akamchukua Muheza, na huko ndiko alikofariki mwaka 2013. Nilipata habari nimechelewa, nikafika wamekwisha kuzika. Watoto walikuwa wengi uani, wa kila kimo, nikajikuta nawahesabu bila kukusudia, nikafika kumi na saba, wakakimbia nikapotea. Ndani wanawake wa Ngamiani waliokodi Hiace asubuhi walikuwa wakilia kwa sauti, vikongwe sasa, wakimwita alivyoitwa siku zote: shoga yetu, shoga yetu umetuachia nani.

Nje kwenye mkeka vijana wawili walisikia wakatazamana. Mmoja akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakatikisika. Nilimjua. Nilimfundisha darasa la tano.