Barua kutoka Lexington: sahihi, kibandiko na mkanda wa Kinshasa

Yaya,

Uliuliza kama ni kweli huku watu hununua mpira kwa mamia ya dola kwa sababu tu mchezaji ameandika jina lake juu yake. Ni kweli, na jambo hilo linatugusa sisi wa Katanga kwa karibu sana.

Katika kumbi za mpira wa kikapu za Marekani, mara nyingi kabla hujafika kwenye kiti chako utapita mbele ya meza ndefu. Juu yake kuna jezi ndani ya fremu za kioo, mipira, viatu na picha, na kila kimoja kina sahihi. Ni mnada usio na dalali. Unaandika bei yako kwenye karatasi, siku hizi kwenye simu, na mwingine akipanda juu yako unaletewa ujumbe. Mnada hufungwa kabla mchezo haujakwisha, kwa hiyo utaona watu wazima wameinamia simu wakati mpira unachezwa mbele yao.

Inasemwa fedha ni za hospitali ya watoto au za shule. Mara nyingi ni kweli, lakini si zote. Vitu vingi huletwa na kampuni za biashara hiyo: bei ya kuanzia inafidia gharama na faida yao, na shirika la hisani hupata kile kinachozidi. Mimi huuliza kwanza kama kitu kimetolewa bure na mchezaji au kimeletwa na kampuni. Hata ofisi ya kodi huku inatofautisha: mnunuzi anahesabiwa sadaka kile tu alicholipa juu ya thamani halisi ya kitu.

Jina linalonisimamisha kila nikiliona ni la Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi. Mwaka 2022, akiichezea timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani. Alikuwa anadaka kwa wastani mipira 15.1 inayorudi kutoka kwenye pete kila mchezo, na Desemba 2021 alidaka 28 usiku mmoja kwenye ukumbi wa Rupp Arena. Sisi Wakongomani wa hapa, tunaoongea Kiswahili dukani na kanisani, tulitembea vifua mbele.

Sasa sikiliza hili. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo waliruhusiwa kulipwa kwa majina yao. Oscar alikuwa na viza ya mwanafunzi wa kigeni, na viza hiyo inakataza kazi za namna hiyo kwenye ardhi ya Marekani. Wenzake waliweza kuuza sahihi zao hapa hapa. Yeye alisubiri mpaka timu iliposafiri kwenda Bahamas Agosti 2022, akafanya huko kazi za matangazo na kulipwa. Ila mpira aliousaini bure mlangoni kumfurahisha mtu, mtu huyo alikuwa huru kuuza kesho yake. Hilo linaniuma, Yaya. Mwenye jina alifungwa mikono, na wasio na jina wakafanya biashara nalo.

Bei yenyewe haifanywi na wino. Inafanywa na kibandiko kidogo chenye namba, kinachowekwa na kampuni ya wataalamu wa kukagua sahihi. Ulaghai ulikuwa mwingi mno: mwaka 1999 FBI ilivamia mtandao wa wagushi kule California, katika operesheni iliyoitwa Bullpen. Baada ya hapo, sahihi isiyo na kibandiko hushuka bei hata kama ni ya kweli. Wewe uliyefikisha magunia kwenye soko la madini la Musompo utaelewa upesi: jasho ni la mchimbaji, jiwe ni lile lile, lakini namba inayosomwa na Metorex, mashine ya depo ya kupima madini, ndiyo inayoamua utarudi nyumbani na nini.

Na kuna mkanda. Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali alimpiga George Foreman Kinshasa. Serikali ya Mobutu iliahidi mabondia dola milioni 10, milioni 5 kila mmoja, na miaka ile nguzo ya mapato ya serikali ilikuwa shaba ya Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, shaba iliyotoka chini ya miguu yenu pale Kolwezi. Julai 2022 mkanda wa ubingwa unaohusishwa na ushindi ule uliuzwa kwenye mnada huko Dallas kwa dola milioni 6.18. Aliyeununua ni Jim Irsay, aliyekuwa mwenye timu ya Indianapolis Colts. Siwezi kuusoma mwaka huo wa 1974 bila kuwafikiria baba zetu waliokuwa kazini kwenye migodi ya Kamoto na Musonoie.

Mwaka ule ule, kwenye soka, mshambuliaji wetu Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika, na mpaka leo hakuna aliyeyafikia katika mashindano ya mwaka mmoja. Alifariki Afrika Kusini mwaka 2019. Bwanga Tshimen, Kazadi na Mwepu Ilunga walitoka klabu ya Mazembe ya Lubumbashi wakaenda Kombe la Dunia Ujerumani. Mwaka 2010 Mazembe hao hao walicheza fainali ya dunia ya vilabu na Inter Milan huko Abu Dhabi, Kidiaba akiwa golini. Historia kama hii ingekuwa ya Kentucky, kila soksi ingekuwa na namba yake.

Kwa hiyo nakuomba kazi moja. Pale Kolwezi wapo wazee waliochezea timu ya Simba ya hapo na timu nyingine wakati wa Gécamines, na jezi ziko kwenye masanduku. Nenda kwao na kijana mwenye simu nzuri. Apige picha ya kila kitu pande zote, halafu ya mzee mwenyewe akikishika. Andikeni ni mchezo gani, uwanja gani, mwaka gani, nani walikuwepo. Mzee asaini mbele ya mashahidi wawili. Na jezi zisifuliwe: doa na mshono uliopasuka ndivyo wakaguzi wanavyolinganisha na picha za zamani.

Akitokea mnunuzi, mzee ana haki ya kuuza na kula jasho lake. Asiuze tu kabla karatasi haijaandikwa, na nakala ibaki kwa watoto wake. Fedha ya picha na usafiri nitaituma mwisho wa mwezi. Anza na wale wenye umri mkubwa zaidi.

Mdogo wako,
Lexington, Kentucky