Kingolwira: Kwata Bila Vifaru

Ukipanda daladala Msamvu kuelekea upande wa Dar, ukaupita uwanja wa Nanenane, hujakaa sawa konda keshapiga kelele: "Kingolwira, wa kushuka!" Vijana wengi wa Moro, mji kasoro bahari, wanaijua kwa jina moja tu: gereza. Mtu akikwambia kaka yake yuko Kingolwira, unauliza kwanza: kajenga au kafungwa?

Kwa hiyo huku sare na buti hazimgeuzi mtu shingo. Askari magereza nao ni watu wa kwata, mguu pande, mguu sawa, na milima ya Uluguru imekaa pembeni kama jukwaa kuu.

Mshikaji wangu wa Dar hakuridhika. Kwake gwaride bila vifaru ni pilau bila nyama! Nikamwambia, mwanangu, Waingereza walipoiteka Morogoro Agosti 26, 1916, kifaru kilikuwa hakijapigana popote duniani. Kilianza Ufaransa, Septemba 15 mwaka huohuo. Huku mizigo ilibebwa na wapagazi, watu weusi waliokufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa. Hao nani aliwapigia saluti?

Wenzetu wa kikosi cha vifaru Uingereza wana mila zao. Kila Novemba 20 wanakumbuka vita vya Cambrai vya 1917, na bereti yao ni nyeusi kwa sababu nyeusi haionyeshi grisi. Hapo nawavulia kofia: mila imetoka kwenye uchafu wa kazi.

Sisi tulianza upya. Tanganyika Rifles waliasi Januari 1964, wakavunjwa, JWTZ ikazaliwa Septemba 1, 1964. Vifaru vingi vikaja kutoka China, ila mwendo wa pole na wa haraka tuliourithi kwa mkoloni ukabaki.

Sasa gharama. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru, watu wakashika mafagio, na fedha zikaenda kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Mwaka 2022 Rais Samia naye alizipeleka kwenye mabweni ya watoto wenye mahitaji maalumu. Sikununa hata kidogo.

Lakini gwaride la kimyakimya wasiliguse! Hakuna anayetoa amri, bunduki zinazunguka, buti zinatua pamoja kama mguu mmoja, na halinywi dizeli. Mshikaji akakuna kichwa: "Sawa, lakini kifaru kimoja tu, cha kupigia picha?"