Mpira wa Karibu

Ukifika Masakta, katika nchi ya Mlima Hanang, utawakuta vijana wakibishana juu ya Simba na Yanga, ambazo wengi wao hawajaziona ila katika televisheni. Mimi huwauliza: Je, Babati ni mbali? Huko, katika uwanja wa Tanzanite Kwaraa, mwaka 2025 Fountain Gate ilikaribia kushuka daraja, ikatiwa katika mchujo. Mchujo hauna huruma: michezo miwili tu, nyumbani na ugenini, na jasho la msimu mzima laweza kupotea. Ikashindwa na Tanzania Prisons. Likabaki tumaini moja, Stand United ya Shinyanga. Hiyo ikaishinda, ikasalia Ligi Kuu. Kama ingalishuka, hao Yanga wangalikuja Babati kucheza na nani?