Kipande cha kioo

Juzi usiku tuliangalia kwa simu ya rafiki sehemu moja ya Black Mirror, ile ya Uingereza iliyotoka mwaka 2011, jina lake Fifteen Million Merits. Mchezaji mkuu ni Daniel Kaluuya, kijana wa London ambaye wazazi wake ni Waganda, majirani zetu.

Ni hadithi ya kubuni. Watu wanakanyaga baiskeli kutwa nzima wapate pointi, na pointi zinaishia kwenye televisheni. Sisi wa Kiwanja tunaojua kusukuma chukudu tulicheka sana. Bing anatoa akiba yake ili msichana Abi aende kuimba kwenye shindano. Waamuzi wanamwambia waimbaji wametosha, wanampeleka kwenye filamu za uchi. Bing anarudi na kipande cha kioo, anakiweka shingoni mwake mbele ya kamera, anawatukana wote. Wanafanya nini? Wanampigia makofi, wanampa kipindi, mara mbili kwa wiki.

Hapo sikucheka tena. Mimi ni mtu wa mikro. Mama mmoja aliyepoteza mume katika mauaji ya hapa ya Novemba 2008 aliwahi kuniambia: “Kila mwaka munakuja, mwanangu. Ninalia, munaenda.” Hata hayo niliyarusha hewani. Mhariri alinipigia simu kunisifu: kilio kimetoka vizuri.

Mwezi uliopita nilirudi kwake. Alikubali, akakaa sawa, akauliza: “Nianze na kulia?”

Nilizima mikro. Tulikula mihogo, nikarudi bila habari.