Si haramu, ila sili

Katika nyumba zetu za pwani mapishi huanza na kitunguu. Kabla haijajulikana kuwa mchuzi ni wa samaki au wa kuku, kabla mchele haujaoshwa, tayari kitunguu maji kinakatwa na kitunguu saumu kinatwangwa. Ndiyo maana mtaalamu wa lishe aliponiambia kwamba kwa wiki 6 nisile hata kimoja kati ya hivyo viwili, wala ngano, wala maharage na dengu, wala maziwa ya ng'ombe, wala embe, tikiti maji na asali, sikujiuliza nitakula nini. Nilijiuliza nitakula na nani.

Kwa muda wa miaka 4 tumbo langu lilikuwa likijaa, likinguruma na kunisokota karibu kila siku. Vipimo havikuonyesha kidonda, uvimbe wala minyoo. Madaktari walinieleza kwamba utumbo wangu ni mzima kwa umbile, ila kazi yake imevurugika, na kwamba watu wengi wana hali kama hiyo. Maumivu niliyastahimili. Lililonitaabisha zaidi lilikuwa udhu. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti wetu. Kazi yangu inanitaka niwe mbele, nisome matangazo baada ya sala ya Ijumaa, nipokee wageni. Nikawa nasali safu ya mwisho, karibu na mlango, ili udhu ukitenguka nitoke bila kuwakatiza wenzangu. Mwenye tatizo hili anaelewa uzito wa maneno haya, na najua wapo wanaonisoma ambao hawajapata kumwambia mtu yeyote.

Mpango niliopewa ulitungwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, mjini Melbourne, Australia, na maelezo yake yalianza kuchapishwa mwaka 2005. Msingi wake si mgumu kuuelewa. Zipo aina fulani za sukari na wanga ambazo utumbo mwembamba hauzinyonyi vizuri. Huvuta maji, kisha huteremka hadi utumbo mpana, ambako bakteria huzichachusha na kutoa gesi. Kwa mtu mwenye utumbo mtulivu hilo halina madhara; kwa mwenye utumbo mwepesi kuhisi ni maumivu. Basi mgonjwa huacha vyakula vyenye sukari hizo kwa wiki 2 hadi 6, kisha huvirudisha kimoja kimoja ili ajue kipi hasa kinachomdhuru. Si mlo wa maisha. Ni uchunguzi unaofanyika jikoni badala ya maabara.

Nilianza mwezi wa Shawwal, kwa sababu sikutaka kuchanganya uchunguzi huo na saumu na tende za Ramadhani. Nyumbani jambo la kwanza lilikuwa jiko. Mke wangu hakuwa na uwezo wa kupika vyungu viwili kila siku. Mkaa una bei, na watoto 3 hawasubiri. Yeye ndiye aliyepata ufumbuzi. Alipindua utaratibu wa mapishi: akaanza na mafuta, tangawizi, bizari nyembamba na nyanya kidogo, akapika kitoweo mpaka kikaiva, akanitolea sehemu yangu, kisha akamimina vitunguu alivyovikaanga kando katika chungu cha wengine. Mtaalamu alitufundisha pia kwamba sukari ya kitunguu saumu huyeyuka katika maji wala haiyeyuki katika mafuta. Kwa hiyo punje zikikaangwa katika mafuta matupu kisha zikatolewa zote, harufu na ladha hubaki bila madhara, alimradi mafuta hayo yatumike siku ile ile. Majani mabichi ya kitunguu nayo yaliruhusiwa, ila si kichwa chake cheupe. Wali ulibaki, ugali wa sembe ulibaki, samaki, mayai, viazi, karoti, nanasi, papai na chungwa vilibaki. Alhamdulillahi, njaa haikunikuta hata siku moja.

Kwa mama yangu ndiko kulikokuwa kugumu. Siku ya kwanza niliyomweleza aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, tangu lini mkono wangu ukakuumiza?" Kwake yeye orodha ile ilikuwa hukumu juu ya chakula chote alichonilisha tangu utotoni. Juma lililofuata aliniletea chupa ya asali kutoka Tabora na kunikumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ameitaja asali katika Suratun Nahl kuwa ndani yake mna ponyo. Nilisoma chuo cha dini, lakini elimu haimfanyi mtoto kuwa mwalimu wa mama yake. Nilimjibu kwa upole kwamba aya ni haki, na kwamba wapo wanavyuoni waliotanabahisha kuwa aya inataja ponyo, haikusema kwamba ni ponyo la kila maradhi kwa kila mtu. Nikaipokea chupa kwa mikono miwili, nikaiweka kabatini mbele yake, nikamwahidi kuwa itafunguliwa wakati wake ukifika. Hakuridhika. Siku kadhaa hakuniuliza kama nimekula, jambo ambalo halijapata kutokea tangu nizaliwe.

Nilimwomba tufuatane kwa mtaalamu wa lishe. Yule binti, mdogo kwangu kwa umri, alimwamkia shikamoo, akamketisha, na badala ya kumsomea orodha akamuuliza, "Mama, alipokuwa mdogo, kipi kilikuwa kikimsumbua?" Mama akafikiri, kisha akaeleza kwamba kila siku ya maharage nilikuwa nalia usiku, naye akinikanda tumbo kwa kitambaa cha moto. Binti akaliandika neno hilo na kumwambia kwamba hakuna kipimo ambacho kingempa habari hiyo. Tangu siku hiyo daftari la chakula changu lilishikwa na mama. Kila jioni alipiga simu kuuliza nilichokula na jinsi tumbo lilivyolala, akaandika kwa mkono wake.

Jambo la pili lilianzia kwa binti yangu wa miaka 7. Jirani alipotuletea sinia la maandazi, mtoto alimwambia mlangoni, "Baba yangu hali, ni haramu kwake." Nilimwita, nikamkalisha, nikamweleza kwamba neno hilo si letu kulitumia. Aya ya 87 ya Suratul Maida inawakataza waumini kujiharamishia vizuri walivyohalalishiwa na Mwenyezi Mungu. Ngano ni halali, kitunguu ni halali, asali ni halali. Kuacha kula kwa ajili ya tiba ni jambo moja, na kukitia chakula katika hukumu ya haramu ni jambo jingine. Nikamsimulia kisa sahihi cha siku Mtume (s.a.w.) alipoandaliwa nyama ya mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi. Aliinua mkono wake asile. Khalid bin Walid (r.a.) akauliza kama ni haramu, akajibiwa kwamba si haramu, ila haikuwa chakula cha nchi ya watu wake naye nafsi yake haikitaki. Khalid akala, Mtume akimtazama. Hakukitia chakula aibu, wala hakumzuia mwenzake, wala hakujilazimisha. Mtoto alielewa upesi kuliko watu wazima wengi. Siku iliyofuata nilimsikia akisema, "Si haramu, ila hali kwa sasa."

Nilitumia maneno hayo hayo katika harusi, na Shawwal ni mwezi wa harusi. Katika madhehebu yetu ya Shafii kuitikia mwaliko wa walima wa ndoa ni wajibu kwa asiye na udhuru, ama kula si wajibu. Maradhi yangu hayakunizuia kukaa mkekani, basi nilikwenda zote. Nilimpigia mwenyeji simu siku moja kabla, nikamweleza hali yangu ili asinishangae mbele za watu. Wengine waliniwekea wali mweupe na kipande cha samaki. Wengine nilikaa nao kwenye sinia, nikanywa maji na kuwaombea maharusi. Wapo waliosema kwamba kijiko kimoja cha pilau hakiui. Ni kweli hakiui. Lakini kijiko kimoja huharibu uchunguzi wa siku nyingi, na daftari la mama lingesema uongo.

Kufikia juma la nne usiku ulikuwa mtulivu. Baada ya wiki 6 tulianza kurudisha vyakula, kimoja kwa siku 3, kidogo kwanza kisha zaidi. Chapati 1 naiweza, 2 zinanisumbua. Kitunguu maji kilichoiva sana, kwa kiasi kidogo, kimekubali. Kitunguu saumu kimekataa, na maharage yamekataa kama mama alivyokumbuka. Asali ya Tabora, kijiko kimoja cha chai, ilipita salama, na mama ndiye aliyeifungua ile chupa. Sasa nasali safu ya kwanza.

Ndugu msomaji, usiianze njia hii kwa kusikia tu. Anayepungua uzito bila sababu au anayeona damu chooni awahi hospitali, na anayeacha vyakula vingi kwa muda mrefu bila msimamizi hujinyima lishe. Ila nina ombi kwa wanaoandaa sinia. Mgeni akikwambia kwamba kitu fulani hali, mkaribishe mara moja, ukimaliza mwache. Huenda ana kisukari, huenda ana presha, huenda yumo katika uchunguzi ambao hawezi kuueleza mbele ya kadamnasi. Nasi tunaojizuia tuje pale tunapoitwa, tukae na watu, tukisifu chakula tusichokila. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na abariki mikono inayotupikia. Amin.