Jiko la bibi limesusa

Haya wadau, ukimya wangu wa wiki mbili ni tesiti tu, na jana nimemaliza ya mwisho. Leo siandiki habari za kampasi. Naandika habari za jiko la gesi la bibi yangu kule Rutamba, maana najua wengi wenu mna bibi mwenye jiko kama lile, na siku likigoma mtapigiwa simu nyie. Si ndo wasomi wa familia bwana!

Bibi alipiga Jumapili, hakunipa hata nafasi ya shikamoo. "Mume wangu, jiko lako limesusa." (Kwa wasiojua, kwetu mjukuu wa kiume ndo mume.) Alikuwa shamba wiki tatu, analinda mpunga usiliwe na nyani na ndege. Karudi, kafungua jiko, linalia tik tik tik, moto hakuna. Jirani keshatoa hukumu: gesi imeisha, mtungi upelekwe Lindi ukabadilishwe. Bibi naye katoa yake: anarudi kwenye kuni. Hapo ndo roho ikaniuma, jamani. Tangu lile jiko liingie ndani, kikohozi chake cha alfajiri kimepungua, na safari za kutafuta kuni zimekwisha.

Bwana mdogo yupo pale nyumbani, nikamwambia ashike simu tutafute ugonjwa pamoja. Moto wa jiko lolote unataka vitu vitatu: gesi, hewa na cheche. Kwa hiyo hubahatishi, unakagua kimoja kimoja.

Kwanza, harufu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini sakafuni. Ukiisikia, funga mtungi, fungua milango, usiwashe kitu chochote wala usiguse swichi ya taa. Kwa bibi harufu haikuwepo, tukaendelea.

Pili, cheche. Tik tik ipo na cheche inaonekana, basi huko kuzima. Isingekuwepo, kiberiti kingetosha: unawasha njiti kwanza ndo unafungua gesi, siyo kinyume.

Tatu, mtungi. Ule ni wa kilo 15, na uzito wa mtungi mtupu huwa umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Bwana mdogo akaufunga, akauchomoa, akaupeleka kwenye ghala la ushirika wanakopimia ufuta (watu wakadhani anauza mtungi, hahaha). Wakatoa uzito wa mtungi mtupu, ikabaki kilo 9 na ushee. Jirani kimya! Nauli ya Lindi ikapona.

Nne, regyuleta, kile kichwa kinachokaa juu ya mtungi, pamoja na mpira wake. Kimekaa sawasawa, mpira haujakunjika wala kuguguna na panya hakuna. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likivimba kuna uvujaji. Halikuvimba.

Tano, nikamuuliza, "Na ile pleti ndogo mmeijaribu?" Kumbe hakuna aliyeigusa. Kuijaribu, ikawaka, bluu safi! Wadau, hapo shikeni hili: pleti zote mbili zikigoma, ugonjwa uko nyuma, kwenye mtungi, regyuleta au mpira. Moja ikiwaka, nyuma kote kuzima, ugonjwa uko kwenye ile iliyogoma.

Gesi ikafungwa, kichomeo kikubwa kikainuliwa, bwana mdogo akachungulia kwenye mrija wake, pale gesi inapochanganyika na hewa. Nyigu kajenga nyumba ya udongo! Wiki tatu za shamba zilimtosha kabisa. Dawa ilikuwa chelewa moja ya ufagio na kukung'uta. Ila kile kitundu kidogo kinachotoa gesi msikichokonoe kwa msumari, kikipanuka moto unazidi kipimo.

Likawaka. Bibi akaniuliza swali zuri: gesi si ni yetu wenyewe, hapo Songo Songo, mbona yake inatoka mjini kwenye mtungi? Nikamwambia ile ya Kilwa iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inakwenda Dar kwa bomba, lakini ni methane. Hiyo haikubali kujazwa kwenye mtungi kirahisi kama propane na butane za kwake, ambazo zinaletwa nchini kwa meli. Akasema, "Basi mwenye bahari hana samaki." Sikuwa na jibu.

Mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unataka ifikapo 2034 Watanzania 80 kati ya 100 wapike kwa nishati safi. Jambo jema sana. Ila jiko lisilo na mtu wa kulitibu pale pale kijijini linageuka meza ya kuwekea ndoo, na moshi unarudi ndani. Nyigu mmoja tu alikaribia kumrudisha bibi yangu porini.

Kwa hiyo likizo hii, kabla ya stori za chuo, mkalisheni mtu mmoja nyumbani mumfundishe hizo hatua tano. Msimfanyie, mwacheni afanye mwenyewe kwa mikono yake.

Alamsiki wadau.